Nimezoea kuja Dar es Salaam nikiwa mgeni, na sasa nahamia: naombeni ushauri wa namna ya kuishi

Binti wa Kihesa

Wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari zenu. Mimi ni mhasibu, mzaliwa wa Iringa, na tangu nimalize chuo nimekuwa nikija Dar es Salaam kila likizo kwa mama yangu mdogo anayeishi Sinza. Sifichi kwamba jiji hili nalipenda. Nimevuka kwenda Kigamboni kwa kivuko bila shughuli yoyote isipokuwa kutaka upepo. Nimekula mihogo ya kukaanga Coco Beach huku jua likizama mgongoni kwangu na bahari ikibadilika rangi mbele yangu. Nimepanda boti kutoka Kunduchi hadi kisiwa cha Mbudya nikarudi na mabega yameungua. Kariakoo ndiyo usiseme, kwani huko nimezunguka mpaka miguu ikavimba, nikinunua kitenge kimoja baada ya kufunua vitenge hamsini.

Sasa nimepata ajira ya mkataba wa miaka miwili katika ofisi iliyopo Posta, na natakiwa kuripoti mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Nilipopiga hesabu ya likizo iliyopita, niligundua kwamba kwa siku tisa nilitumia fedha ambazo Iringa zingenitosha mwezi mzima, na hapo sikulipa kodi wala sikununua chakula cha nyumbani. Naomba mliotangulia mnieleze: mtu aliyezoea kulifurahia jiji kwa miguu ya mgeni anaishije humo mwaka baada ya mwaka pasipo kufilisika, pasipo kuchakaa mwili, na pasipo kuishia kulichukia? Nianze kupanga nini kwanza, nyumba, usafiri au matumizi ya kila siku?

Mkazi wa Tabata

Marahaba mwanangu, na karibu. Nipo katika jiji hili tangu mwaka 1998 na nimehama nyumba mara sita, kwa hiyo ninayokueleza nimeyalipia. Anza na nyumba, kwa sababu hayo mengine mawili yatafuata huko nyumba iliko.

Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima, na juu yake dalali hudai kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukufungulia mlango. Maana yake ni kwamba ukikosea chumba, umekosea kwa nusu mwaka na akiba yako yote imo humo. Ndiyo sababu nakusihi umwombe mama mdogo akuhifadhi mwezi mmoja au miwili, na chumba ukitafute taratibu huku tayari ukienda kazini. Kabla hujatoa hata senti, fika eneo unalolitaka saa kumi na moja na nusu alfajiri siku ya kazi, panda gari hadi Posta, kisha jioni rudi kwa njia ile ile. Dalali atakwambia kwamba kutoka kituoni hadi nyumbani ni dakika tano, naye hasemi uongo, ila anahesabu za bodaboda. Bodaboda mara mbili kwa siku, siku ishirini na mbili kwa mwezi: wewe ni mhasibu, malizia mwenyewe. Ukipata chumba ambacho unaweza kutembea kwa miguu hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi katika barabara ya Morogoro, ile njia ya Kimara hadi Kivukoni iliyoanza kazi mwaka 2016, usihangaishwe na sakafu isiyo na vigae.

Bahati yako nyingine ni kwamba unakuja mwanzoni mwa masika. Nyumba ya Dar es Salaam hutazamwa wakati wa mvua. Bonde la Msimbazi hujaa maji kila mvua inapozidi, na baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya waliokuwa wakiishi mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Hata hivyo vyumba vya mabondeni bado vinapangishwa, tena kwa bei inayovutia. Usimwulize dalali kama maji huingia, tazama ukuta. Ukiona rangi ya chini, usawa wa goti, ni mpya kuliko ya juu, au soketi zote zimepandishwa usawa wa kifua, aga kwa heshima uondoke.

Fungua bomba na uonje. Maji ya kisima ya maeneo mengi hapa yana chumvi, sabuni haitoi povu na birika huota utandu mweupe, kwa hiyo utaoga na kufulia hayo huku ukinunua ya kunywa. Ulizia pia kama kuna tangi, kwa maana mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua tulitangaziwa mgao, na waliokuwa na pa kuhifadhia maji ndio waliolala usingizi. Mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, iwe yako peke yako. Tangu mwaka 2021 hata kodi ya jengo, ambayo kwa kweli ni ya mwenye nyumba, hukatwa humo humo, na mkiwa wapangaji wanne kwenye mita moja hamtakosa la kugombania.

Mama wa Feri

Mdogo wangu, kaka hapo juu amesema vyema kuhusu nyumba, lakini mimi nimeona watu wenye chumba kizuri karibu na kituo wakikopa ifikapo tarehe kumi na tano, na mara nyingi kisa ni tumbo. Mgeni hula barabarani kwa sababu hana jiko. Mkazi akiendelea hivyo, chapati ya asubuhi, wali wa mchana, soda ya saa tisa na chipsi za usiku humaliza mshahara bila yeye kukumbuka hata sahani moja aliyoifurahia. Nimepika chakula cha mchana mjini kwa miaka kumi na saba, kwa hiyo naisema vibaya biashara yangu mwenyewe: njoo kwetu mara mbili kwa wiki, siku nyingine beba chakula chako.

Jifunze masoko kwa majina na kwa bidhaa. Nafaka fuata Tandale, ndizi fuata Mabibo pale Mahakama ya Ndizi, na samaki njoo Feri. Hapa Feri usije saa nne ukiwa umevaa viatu vya ofisini, kwa sababu saa hizo utanunua kwa wachuuzi. Njoo alfajiri, mnada unapopigwa samaki wakiwa sakafuni, nawe uwe na wenzako wawili au watatu mliokubaliana kabla. Mnamnunua kolekole mmoja mkubwa, mnamlipa kijana wa kuparua, na kila mtu anaondoka na vipande vya wiki nzima kwa bei ambayo peke yako ungepata fungu la vibua. Utazame na mwezi angani. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi inapokuwa kali dagaa huadimika na bei hupanda. Subiri siku chache. Njoo na ndoo yenye mfuniko, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na ile mbadala unayouziwa hapa haistahimili maji ya samaki hata kufika kituoni.

Kupikia, nunua mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiweza, kwa sababu ule mdogo huisha upesi na kila safari ya kuujaza ni nauli. Maharage yaloweke usiku kucha ndipo uyabandike. Nimeona wasichana wakimaliza robo ya mtungi kwa sufuria moja ya maharage makavu, kisha wanamlaumu muuza gesi.

Niliyerudi Morogoro

Naomba niseme kidogo upande wa pili. Niliishi Dar es Salaam miaka minne, nikiwa na mshahara mzuri, na nilishindwa. Kosa langu lilikuwa gari. Nilinunua gari la mkopo mwezi wa tatu tangu kufika, nikiamini kwamba ndilo litakalonipeleka ufukweni kila Jumapili kama nilivyozoea nikiwa mgeni, na badala yake likanipeleka kwenye foleni ya Mwenge asubuhi na jioni. Mafuta, maegesho na marejesho ya mkopo vilinifanya nichukue kazi ya ziada ya Jumamosi, na Jumapili nikawa nalala tu. Katika mwaka wangu wa mwisho nadhani sikuiona bahari hata mara tatu, mtu niliyekuwa nikifanya kazi umbali wa dakika kumi kutoka ufukweni.

Sasa naishi Morogoro, na tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024 huja Dar es Salaam mara moja kwa mwezi, nikatembea hadi nichoke na kurudi jioni. Simkatishi tamaa binti yetu. Namwomba tu asinunue gari mwaka wa kwanza, na Jumapili moja ya kila mwezi aitengee fedha kama anavyotenga za LUKU, iwe ya kivuko, Mbudya au Kijiji cha Makumbusho, asisubiri zibaki.

Binti wa Kihesa

Nawashukuru nyote. Baada ya kusoma maelezo haya nilimpigia simu mama mdogo nikamsomea baadhi. Alicheka sana nilipofika kwenye mnada, kisha akanieleza mambo ambayo kwa likizo zote hizo sikuyaona. Kumbe pangaboi lililokuwa likizunguka usiku kucha lilikuwa la chumba changu tu, na yeye alikuwa akilala dirisha wazi chini ya chandarua. Kumbe wale samaki aina ya changu niliowasifia alikuwa amegawana na majirani wawili, na vipande vya katikati akaniwekea mimi. Alikuwa akitoka saa kumi na moja kwenda kazini, nami nikidhani huamka mapema kwa mazoea ya uzee.

Amekubali nikae kwake hadi mwisho wa mwezi wa tano, kwa masharti mawili: LUKU ni juu yangu, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi zamu ya Feri ni yangu. Ndoo anayo, ila mfuniko umepasuka, kwa hiyo ameniagiza nije na mwingine kutoka Iringa.