F-35, J-20 au Su-57: ipi inajificha zaidi? Mimi naona swali lenyewe lina kasoro

Wakuu, kuna ile orodha inayozunguka kila siku ya ndege za kivita za stelthi, yaani zinazojificha kwenye rada: F-22 ya Wamarekani inaonekana ndogo kama gololi, F-35 yao kama mpira wa gofu, J-20 ya Wachina inafuata, Su-57 ya Warusi inaburuza mkia. Watu wanaibandika kama matokeo ya mtihani wa taifa. Nauliza: nani alipima?

Maana Wamarekani wenyewe, wakati wa amani, huifunga F-35 vinundu vidogo kwenye bodi, vinaitwa lenzi za Luneburg. Kazi yake ni kurudisha mawimbi ya rada makusudi. Waongoza ndege wanaiona vizuri, na jasusi aliyetega rada yake pembeni anaambulia kipimo cha uongo. Kwa hiyo hizo namba ama ni za mwenye mali ama ni za kukisia.

Tuongelee umbo, hilo kila mtu analiona. Tupa mpira kwenye kona ya chumba, unakurudia mwenyewe. Utupe kwenye ukuta ulioinama, unakwenda zake. Mawimbi ya rada nayo ni hivyo hivyo, ndiyo maana mikia ya F-22 na F-35 imelazwa na silaha zinafichwa tumboni. Su-57 nayo imefanya hivyo. Ile iliyokwenda maonyesho ya Zhuhai Novemba 2024 ilipigwa picha za karibu, vichwa vya skrubu vimejipanga waziwazi, watu wakacheka kweli kweli. Tuwatendee haki Warusi: ile ilikuwa ndege ya majaribio. Skrubu hazinisumbui. Kinachonisumbua ni lile tufe la kunusa joto lililokaa mbele ya kioo cha rubani, maana kitu cha mviringo kinarudisha mwangwi (mawimbi ya rada yanayorudi) popote utakaposimama. (Na tusiwe wanafiki, bomba la nyuma la F-35 nalo ni la mviringo. La F-22 ndilo bapa.)

Kuhusu J-20, wengi wanasema vile vijibawa vya mbele vimeiharibu. Nabisha. Vikiwa vimetulia, ukiitazama kutoka puani sioni shida kubwa. Shida inaanza rubani anapokata kona navyo vikaanza kucheza.

Halafu kuna hesabu ambayo mashabiki hawaipendi. Ukipunguza mwangwi mara 16, umbali wa kuonekana unapungua nusu tu. Ukitaka rada inayoiona ndege ya kawaida kilomita 300 isubiri mpaka kilomita 30, lazima mwangwi upungue mara 10,000. Kwa hiyo kubishana kama J-20 inazidi F-35 mara mbili au mara tatu ni kelele. Mara mbili haifikishi hata tofauti ya robo ya umbali.

Na urefu wa wimbi je? Machi 27, 1999, kikosi cha kamanda Mserbia Zoltán Dani kiliidungua F-117, ndege ya stelthi ya Wamarekani, karibu na kijiji cha Buđanovci, Serbia, kwa makombora ya S-125, mtambo wa miaka ya sitini. Rada yao ya P-18 inatumia mawimbi marefu, ya kama mita mbili. Wimbi likikaribiana na ukubwa wa mkia, ujanja wa umbo unapungua nguvu. Waserbia wakatoa bango: samahani, hatukujua kuwa haionekani. Ila msikimbilie kusema stelthi imekufa. Rada ya namna hiyo inakuonyesha kuna mtu mtaani, haikuonyeshi mlango wake. Kuongoza kombora kulihitaji rada nyingine, iliyowashwa kwa sekunde chache tu, na ndege ikiwa karibu sana.

Msimamo wangu: kutoka mbele, F-22 na F-35 ziko juu, J-20 inazikaribia, Su-57 iko mbali kwa sababu Warusi waliweka uzito kwenye wepesi wa kugeuka. Kutoka ubavuni, mbele ya rada ya mawimbi marefu, siweki hata shilingi mia.

Anayeitetea Su-57 aje, uwanja ni wake. Ila aache orodha nyumbani, aanze kwa kusema ni rada ipi na imekaa upande gani.