Ushauri nasaha wa familia kwa njia ya simu unasaidia kweli? Mke yuko Muscat, mimi Mtwara

Baba Wawili
Wakuu, heshima kwenu. Mke wangu yuko Muscat kwa kazi za ndani, mwaka wa pili huu. Mimi niko Shangani na watoto wawili, nauza pembejeo. Mkubwa yuko darasa la tatu, ameanza kukojoa kitandani na mwalimu anasema darasani haongei. Nimepata mwanasaikolojia wa Dar anayefanya vikao kwa video, tuingie mimi, mke na mtoto. Mke anashika simu saa 6 usiku ya huku. Vikao vya namna hii vinasaidia au ni kumaliza bando? Matusi hapana.

Korosho Ghalani
Mkuu, mrudishe mke. Mtoto anataka mama. Dada yangu wa Tandahimba alienda huko huko, aliporudi mwanawe akawa anamwita shangazi.

Mama Newala
Huyo mpeleke kwa mjomba wake akakae likizo nzima. Wangu alikojoa mpaka anakaribia jando, tukawa tunaanika godoro kila asubuhi majirani wakiona. Kaka yangu alimchukua shambani, wakawa wanaokota mabibo wote. Alirudi ameacha, na hakuna aliyemchapa.

Nesi Mstaafu
Nijibu ulichouliza. Kwa wengi wenye sonona au wasiwasi, mazungumzo ya video na mtaalamu husaidia karibu sawa na ya ana kwa ana. Programu za kujisomea peke yako ndizo watu huziacha njiani. Na mzazi akipata nafuu, mara nyingi mtoto naye hutulia. Ila kumwamsha mtoto saa 6 usiku akae mbele ya simu, hapana. Sasa mwanangu, umemtaja mke, mtoto na bando. Wewe mwenyewe unalala?

Baba Wawili
Mimi niko sawa. Kikao cha kwanza nimeshalipia, pesa hairudi.

Nesi Mstaafu
Sikuuliza malipo.

Baba Wawili
Usingizi umekata tangu Ramadhani. Kuna usiku niliwafungia watoto ndani nikatembea hadi ufukweni, nikakaa mpaka adhana ya alfajiri. Walikuwa wamelala, na ufunguo wa pili uko kwa jirani. Mkubwa aliamka akanikosa. Alikuwa amekaa nyuma ya mlango, nilipoufungua ukamgusa. Kukojoa kulianza baada ya hapo. Lakini mke asijue, ataacha kazi na mkopo wa duka haujaisha. Ndiyo maana nataka waanze na mtoto.

Bwana Pweza
Hii chai wakuu. Saa 6 usiku ya Mtwara ni saa 7 Muscat. Mfanyakazi gani wa ndani yuko macho saa hiyo anapiga video? Subirini, kesho ataomba nauli.

Korosho Ghalani
Nami nilihisi. Mwanamume wa huku alipie mtu wa kumsikiliza, na vijiwe vya kahawa vipo?

Baba Wawili
Sijaomba shilingi ya mtu. Kijiweni ningesemaje hayo?

Aliyerudi Lindi
Nimefanya kazi Muscat. Simu nilipewa jikoni pakishatulia, na wageni wakiwepo ni saa 7, saa 8. Ramadhani ndiyo kabisa, mpaka daku. Nilikuwa namwangalia mwanangu anavyohema usingizini, baba yake kashika simu. Kwa hiyo Pweza, saa hizo zipo. Baba Wawili, mume wangu naye alinificha mengi nisije nikavunja mkataba. Nilipojua, kilichoniuma ni kwamba niliamuliwa bila kuulizwa. Mwambie mwenzio.

Nesi Mstaafu
Iwe kweli au chai, kuna mtu mwenye hali hiyo anasoma hapa. Kesho nenda hospitali ya Ligula, umwambie daktari neno kwa neno ulichotuandikia. Akikuuliza kama usiku ule uliwaza kutorudi nyumbani, usimfiche. Na mawazo hayo yakikujia hata usiku huu, usingoje kesho. Kikao ulicholipia kitumie wewe peke yako, mchana, mlango umefungwa. Watoto wakiwa chumba cha pili hutasema ukweli. Mkubwa ataingia vikao vya mbele, naye iwe mchana. Usiku watoto wasibaki bila mtu mzima. 116 ni namba ya bure ya mambo ya watoto.

Baba Wawili
Mchana ndio wateja wa salfa wanakuja. Basi nitamwomba saa 8, hapo panapoa. Ligula nitaona. Dada yangu wa Mikindani anakuja kulala hapa leo. Mke bado.

Aliyerudi Lindi
Akipiga usiku huu usimpe mtoto simu kwanza. Ongea naye wewe.

Bwana Pweza
Kama ni kweli, pole mkuu. Huyo wa Dar kikao anatoza kiasi gani? Nina shemeji yangu Masasi, ana kichanga, hapati usingizi.