Mbuzi wa Baba Doreen

Kikundi: FAMILIA YA BABU, MARANGU

*Jumatatu, 11 Desemba 2017*

05:09 Mjomba Eliya: Jamani mmeamkaje. Carson ameumia goti. Sijui nitaendaje kazini kesho.

05:31 Mama Neema: Yesu wangu! Carson ndiye nani mdogo wangu? Unakaa naye? Nimpeleke kwenye maombi ya asubuhi?

05:33 Mjomba Eliya: Dada ni mchezaji. Carson Wentz wa Eagles, timu ya huku kwetu Philadelphia.

05:34 Baba Doreen: Shemeji unatuamsha saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya mpira wa yai wa Wamarekani??

05:36 Mjomba Eliya: Huyu ndiye kotabeki. Anapokea mpira, anasoma uwanja, anatupa. Timu nzima inamtegemea yeye. Ametupa pasi za kufunga 33 msimu huu. Leo kule Los Angeles goti limekwenda, akabaki uwanjani, akatupa nyingine moja na goti bovu ndipo akatoka. Tumeshinda 43 kwa 35. Ukiniona utadhani tumefungwa.

05:40 Gody: Pole Mjomba, shikamoo. Sasa nani anaingia?

05:41 Mjomba Eliya: Marahaba. Nick Foles, wa akiba. Mwaka jana alitaka kuachana na mpira kabisa.

05:42 Baba Doreen: Dereva kaumia, usukani kapewa konda.

05:44 Mjomba Eliya: Na si Wentz peke yake. Jason Peters, nguzo ya mbele, nje. Sproles nje. Hicks nje. Hata mpiga teke wetu aliumia mechi ya kwanza, tukaokota kijana anaitwa Jake Elliott, alikuwa kwenye kikosi cha mazoezi cha Cincinnati. Wiki chache tu akawapiga Giants kwa teke la yadi 61, sekunde ya mwisho.

05:45 Baba Doreen: Yadi ni mita ngapi?

05:46 Gody: Hapo ni kama mita 56 baba mdogo.

05:47 Baba Doreen: Sawa. Mimi nasema hivi: hao Eagles wakichukua kombe, natoa mbuzi mzima kwenye sendofu ya Neema. Beberu.

05:48 Mama Neema: Nimeandika kwenye daftari. Eliya, na wewe sendofu ni tarehe 7 Aprili, mchango wako bado sijauona.

05:59 Mjomba Eliya: Mwisho wa mwezi dada.

*Jumapili, 14 Januari 2018*

03:47 Mjomba Eliya: 15 KWA 10!!! ATLANTA KWAO!!!

03:49 Gody: Mjomba mkeka wangu umechanika kwa sababu yenu.

03:50 Mjomba Eliya: Uliwapa hao Falcons wa Atlanta?

03:50 Gody: Kila mtu aliwapa Falcons. Nyie mko nyumbani, mna ushindi 13 na kufungwa 3, namba moja upande wenu, wao wa sita, na bado kampuni zikawapa wao. Nikasema hawa wazungu wana siri.

03:53 Mjomba Eliya: Hilo halijawahi kutokea. Namba moja, kwake, anachukuliwa mnyonge mbele ya namba sita. Wote waliangalia Foles wakacheka. Na kweli hakuwa mzuri sana. Kuna pasi aliitupa ovyo, ikamgonga beki wa Atlanta gotini ikadunda mikononi mwa Torrey Smith wetu. Mungu alikuwa na jezi ya kijani leo.

03:55 Mjomba Eliya: Mwisho kabisa Atlanta wako yadi mbili tu kutoka mstari wa kufunga, jaribio la mwisho. Julio Jones wao kateleza, kainuka, mpira ukampita mikononi. Nimeshika kichwa jirani kagonga ukuta.

03:58 Mjomba Eliya: [picha]

06:20 Mama Neema: Eliya hii picha ni nini? Watu wazima wamevaa vichwa vya mbwa?

06:24 Mjomba Eliya: Hao ni wachezaji, Lane Johnson na Chris Long. Wamevaa wakitoka uwanjani. Kwa Kiingereza timu inayodharauliwa inaitwa mbwa wa chini, yule anayelaliwa kwenye ugomvi. Basi wamesema sawa, sisi mbwa.

06:26 Mama Doreen: Kaka, mtu akiniita mbwa tunaishia kwa mjumbe wa nyumba kumi.

06:27 Baba Doreen: Mimi nilimshitaki mtu kwa hilo 1996 na nikalipwa.

06:27 Mama Doreen: Ulilipwa jogoo.

06:28 Baba Doreen: Jogoo ni malipo.

06:31 Mjomba Eliya: Huku watu wameshaanza kuvitafuta vinyago hivyo jamani. Mbwa aina ya wale wa polisi. Bosi wangu, mzee wa miaka 60, amesema atavaa ofisini.

06:40 Mama Neema: Nimemwonyesha Babu picha. Anauliza kama wana chanjo.

06:41 Gody: 😂😂😂😂

06:44 Mama Neema: Anasema pia mbwa wa kwetu hafugwi kwa kubebwa, analinda. Kama wanalinda sawa. Mchango Eliya.

*Jumatatu, 22 Januari 2018*

05:52 Mjomba Eliya: Vikings 7, sisi 38. Wao walianza, wakafunga, basi. Wasingefungwa wangecheza fainali nyumbani kwao Minneapolis, timu ya kwanza kufanya hivyo. Sasa tunaenda kukaa sebuleni kwao.

05:54 Gody: Na Foles?

05:54 Mjomba Eliya: Pasi tatu za kufunga. Konda kageuka dereva wa basi la Dar hadi Arusha bila kituo.

05:58 Mjomba Eliya: Ila aliyebadilisha mchezo ni Chris Long, yule wa kinyago. Ni 7 kwa sifuri, kotabeki wao anatupa, Long kampiga mkono, mpira ukaenda juu kama embe, Patrick Robinson kaudaka akakimbia nao yadi 50 mpaka ndani.

06:02 Mjomba Eliya: Na sikilizeni. Huyu Long anajulikana huko kwetu. 2013 alipanda Kilimanjaro.

06:03 Mama Doreen: Wanapanda wengi kaka.

06:05 Mjomba Eliya: Huyu aliposhuka hakuondoka hivi hivi. Aliona watu wanavyohangaika na maji, akaanzisha shirika linaitwa Waterboys mwaka 2015, wanachimba visima Tanzania, sehemu za Wamasai. Anarudi mlimani na wanajeshi wastaafu wa Marekani kuchangisha pesa. Na mshahara wake wote wa msimu huu ametoa kwa elimu ya watoto, anacheza bure mwaka mzima.

06:07 Baba Doreen: Bure?

06:07 Mjomba Eliya: Bure shemeji.

06:08 Mama Neema: Na kuna mwingine hata nusu ya mchango wa mpwa wake hawezi kutoa.

06:09 Gody: Mjomba hiyo imekupata 🙈

06:30 Mama Neema: Babu amesisimka. Anauliza alipita lango gani. Anasema yeye alibeba mizigo ya wazungu kuanzia 1968, na wakubwa wa mwili ndio walikuwa wanaangukia Kibo mapema, hewa haiwatoshi. Huyo jitu la mpira lilifikaje juu?

06:33 Mjomba Eliya: Mwambie lilikwenda pole pole.

06:36 Mama Neema: Amesema hapo sasa amekuelewa. Tangu leo yeye ni wa hao mbwa.

*Jumatatu, 5 Februari 2018*

02:33 Mjomba Eliya: Fainali imeanza, sisi na Patriots. Sitajibu simu ya mtu.

02:34 Gody: Niko hapa na bando la GB moja.

02:51 Baba Doreen: Nimeamka kunywa maji tu. Ngapi ngapi?

02:52 Mama Doreen: Muongo. Ameweka redio ya simu sikioni tangu saa nane.

02:58 Mjomba Eliya: Patriots hawa ndio walitufunga Februari 2005, 24 kwa 21. Nilikuwa na miezi mitano tu hapa mjini, sikujua hata sheria za mchezo, lakini niliona watu wazima wakilia ndani ya treni. Kotabeki wao Brady ni yule yule, kocha ni yule yule.

03:44 Gody: Jamani Brady karushiwa pasi yeye mwenyewe kaiachia!!

03:45 Mjomba Eliya: Miaka 40 hiyo, vidole vinachoka.

04:06 Mjomba Eliya: Subirini. 15 kwa 12 tunaongoza. Sekunde 38 kabla ya mapumziko. Tuko yadi moja, jaribio la nne. Mwenye akili zake anapiga teke anachukua pointi tatu. Hawa wanataka kuingia.

04:07 Mjomba Eliya: Wamewehuka

04:07 Mjomba Eliya: WAMEWEHUKA

04:08 Mjomba Eliya: FOLEEEEEES

04:09 Baba Doreen: Andika vizuri nini kimetokea!

04:13 Mjomba Eliya: Mikono inatetemeka. Foles kajifanya anasogea kuongea na wenzake wa mbele, kama vile kuna kitu amesahau. Mpira ukaenda moja kwa moja kwa Corey Clement, kijana wa hapa jirani New Jersey ambaye hakuna timu iliyomchagua. Clement kampa Trey Burton anayekimbia upande wa pili. Burton aliwahi kucheza kotabeki chuoni, kautupa. Na nani yuko peke yake pembeni, hana hata inzi karibu? Foles. Kaudaka kama mtoto anayedaka chapati.

04:14 Gody: Kile kile Brady alichoshindwa

04:14 Mjomba Eliya: KILE KILE

04:15 Baba Doreen: Hiyo ni halali?

04:15 Mjomba Eliya: Halali mia kwa mia.

04:16 Baba Doreen: Mwamuzi aangalie tena.

05:46 Gody: Jamani. Patriots 33 Eagles 32.

05:46 Baba Doreen: Mbuzi wangu amepumua 🐐

05:47 Mama Doreen: Mume wangu nyamaza, kaka yangu analia huko.

05:48 Gody: Mjomba? Upo?

06:03 Mjomba Eliya: Zach Ertz wetu. Kavuka mstari, kaanguka, mpira umeruka akaushika tena. Wanaangalia kwenye televisheni.

06:06 Mjomba Eliya: IMEKUBALIWA. 38 kwa 33. Lakini Brady ana dakika mbili na sekunde kadhaa. Ameshafanya hivi kwa watu wengi sana.

06:10 Gody: BRADY KAPOKONYWAAAA

06:10 Mjomba Eliya: BRANDON GRAHAM!!!!! MKONO WAKE!!!

06:11 Gody: Derek Barnett kaudaka. Bando limeisha nawasimulieni kwa kukisia sasa

06:15 Mjomba Eliya: Elliott, yule kijana wa kuokota, teke la yadi 46, ndani. 41 kwa 33. Usiku mzima hawakumwangusha Brady na mpira hata mara moja isipokuwa hiyo.

06:22 Mjomba Eliya: Imeisha

06:22 Mjomba Eliya: Imeisha jamani

06:29 Mama Neema: Bwana asifiwe. Nimeamka nakuta meseji zote hizi. Nani amefariki?

06:30 Mama Doreen: Mbuzi.

*Ijumaa, 9 Februari 2018*

01:15 Mjomba Eliya: Nimerudi kutoka kwenye maandamano ya ushindi. Shule zimefungwa, mji mzima barabarani. Jason Kelce wa mstari wa mbele alivaa joho la kung'aa kama la mganga, akahutubia kwa hasira kama mtu wa kampeni. Akawataja mmoja mmoja waliosemwa hawafai. Akakumbusha msemo wa kocha wao kwamba mbwa mwenye njaa ndiye anayekimbia zaidi.

06:12 Baba Doreen: Bado wanajiita mbwa tu.

06:20 Mjomba Eliya: Kuna mzee tunafanya naye kazi stoo. Kombe la mwisho la Eagles lilikuwa Desemba 1960, waliwafunga Green Bay 17 kwa 13, kabla hata fainali hii ya Super Bowl haijaanzishwa. Baba yake alimpeleka uwanjani akiwa mtoto. Baada ya hapo walikuwa wakingoja wote wawili mpaka baba akafa. Jana kaja na majivu ya baba yake kwenye kopo, kalifunga skafu ya kijani. Na hakuwa peke yake, niliona wengine na picha za marehemu wao.

06:24 Mama Doreen: Majivu ya mtu?? Barabarani??

06:25 Mjomba Eliya: Huku wanachoma dada.

06:50 Mama Neema: Nimemsomea Babu. Amenyamaza muda mrefu, nikafikiri amesinzia. Halafu akauliza: yule baba alimwona mtoto wake akifurahi? Nikasema mimi sijui Babu. Akasema mwambie huyo mzee wa stoo pole, na hongera.

06:58 Mjomba Eliya: Nitamwambia leo leo.

07:40 Baba Doreen: [picha]

07:41 Baba Doreen: Mnaona? Beberu, nimemnunua mnada wa jana. Mimi si mtu wa maneno.

07:42 Gody: Baba mdogo mbona amekonda

07:42 Baba Doreen: Hadi Aprili atanenepa. Anakula vizuri kuliko wewe.

07:45 Mama Neema: Asante sana shemeji, Mungu akubariki. Nimeweka: Baba Doreen, mbuzi 1, AMELIPA. Amebaki mmoja tu ambaye hajalipa ukoo mzima.

07:46 Baba Doreen: Nani huyo? Timu yake imeshinda au imefungwa?

07:46 Gody: 👀

07:47 *Mjomba Eliya anaandika…*