Natafuta kituo cha kulelea mtoto kutwa nzima, chenye usajili wa kweli – Mbeya mjini

MamaLusajo
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri, hasa mlioko Mbeya.

Nina mtoto wa miezi saba. Dada aliyekuwa ananisaidia ameitwa kwao Makete, mama yake anaumwa, na kwa jinsi alivyofungasha sitegemei arudi. Mume wangu anaendesha lori la Tunduma, nyumbani anapita tu. Naishi Uyole, kazi iko Mwanjelwa. Naingia saa 2 asubuhi, natoka saa 11 jioni, na siku za kufunga hesabu saa 12 inanikuta ofisini.

Mabango ya "Day Care" yamejaa kuanzia Uyole mpaka Ilomba, ila ukiingia ndani ni chekechea: wanaimba, wanakunywa uji, saa 6 mchana kila mtu kwao. Wawili waliosema wanakaa na watoto kutwa niliwaomba kuona cheti. Mmoja alikasirika. Wa pili akaniambia bosi kasafiri nacho. Cheti kinasafiri kwenda wapi jamani?

Nataka kujua hivi vituo vinasajiliwa na nani, na mzazi wa kawaida anahakikishaje? Na kama kuna anayejua kinachopokea mtoto mdogo hivi mpaka jioni, anisaidie. Sina uwezo wa bei za wazungu wa Forest.

Kibarua_wa_Mafiati
Mtafute mama mtu mzima hapo mtaani kwako, mpe hela ya mboga kila siku, mambo ya vyeti waachie wenyewe. Sisi tumelelewa na nani?

MamaLusajo
Kaka Kibarua, huyo mama nilimpata. Ana wajukuu wanne, jiko la kuni na kisima kisicho na mfuniko. Ni mtu mwema kabisa, lakini hapana.

Mlezi_Nzovwe
Mama Lusajo, mimi naendesha kituo, ila sikutangazii chochote kwa sababu sipokei chini ya miaka miwili. Nikueleze ninavyoijua kazi hii.

Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana viko chini ya Ustawi wa Jamii, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake. Madarasa ya awali yako chini ya elimu. Hapo ndipo wazazi wengi wanapochanganywa: unaonyeshwa cheti halali kabisa, chenye mhuri, kumbe ni cha shule. Kinawaruhusu kufundisha, hakisemi lolote kuhusu kukaa na kichanga mpaka jioni.

Kwa hiyo ukipewa cheti usiangalie mhuri peke yake. Soma jina la kituo, soma mahali kilipo, soma ni cha huduma gani. Kuna watu walisajiliwa wakiwa nyumba moja kule Soweto, kodi ikapanda, wakahamia kwingine, cheti wakabeba na makochi. Nyumba mpya haijakaguliwa na mtu yeyote. Wakati mimi nasajili alikuja afisa ustawi na bwana afya, wakahesabu vyoo, wakapima vyumba kwa macho na kwa futi, wakauliza maji yanatoka wapi siku bomba likikatika. Ukaguzi ule ulikuwa wa nyumba ile, si wa jina langu.

Jambo jingine ambalo wenzangu hawatapenda niliseme: uliza wameruhusiwa watoto wa umri gani. Kulea wakubwa na kulea wachanga ni vitu viwili, hata kanuni zinavitenganisha. Wapo wenye usajili mzuri wa watoto wakubwa, halafu wanapokea vichanga kimyakimya, wanavilaza chumba cha nyuma na msichana mmoja.

MamaLusajo
Asante sana dada. Sasa nikitaka kuhakiki naanzia wapi? Naogopa kuzungushwa.

Mlezi_Nzovwe
Anzia ofisi ya kata kilipo kituo, sio kata unayoishi. Uliza afisa ustawi wa jamii. Kama kata haina, watakuelekeza halmashauri ya jiji. Usiulize "kituo gani kizuri", hawatakujibu. Mpe jina na mtaa, uliza kama kipo kwenye orodha yake na kama kinaruhusiwa kupokea miezi saba. Hilo ni swali la dakika mbili.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Karatasi ukishamaliza, nenda bila kuaga mapema. Saa 8 mchana ndio saa nzuri, watoto wamelala na walezi wamechoka. Chungulia wanapolala.

Kwa hapa kwetu mimi jicho langu la kwanza ni mkaa. Juni na Julai baridi ya Uyole unaijua. Utakuta wamefunga madirisha na wameingiza jiko la mkaa chumbani "watoto wapate joto". Ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, haina rangi, na mtoto aliyelala haamki kukwambia kichwa kinamuuma. Ukiliona jiko ndani ya chumba cha kulala, hata kama ukuta umechorwa simba na twiga wote wa Ruaha, geuza.

Uliza pia maziwa yako watayatunzaje. Yaliyokamuliwa yanakaa kama masaa manne tu nje kwenye joto la kawaida la chumba, kwenye friji mpaka siku nne. Wakuonyeshe hilo friji, na ulifungue mwenyewe. Wasiyachemshe jikoni, wayapashe ndani ya maji ya moto. Mpe mtoto kikombe badala ya chupa, kusafisha ni rahisi. Na kituo kisichokuuliza kadi ya kliniki nacho nakitilia shaka, maana hakijui watoto wengine humo wamechanjwa au la. Wako bado hajafikia chanjo ya surua ya miezi tisa, kumbuka hilo.

Babu_wa_Rungwe
Mjukuu wangu, bibi yake mtoto yuko wapi? Mleteni Tukuyu huku, maziwa ya ng'ombe tele, ndizi tele. Akifika miaka mitatu mtamchukua.

MamaLusajo
Shikamoo babu. Bibi yake yupo, ila bado ananyonya, siwezi kumwachisha sasa. Na ng'ombe asubiri kidogo, kliniki wanasema mpaka afike mwaka.

Babu_wa_Rungwe
Marahaba. Haya, kliniki wameshinda.

Karani_wa_Sheria
Kwa kuwa bado ananyonya, mimi nakushauri utafute kituo karibu na KAZI, achana na Uyole. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe mpaka masaa mawili kwa siku, ndani ya saa za kazi. Mtoto akiwa Uyole na wewe Mwanjelwa, haki hiyo inaliwa na foleni. Mwandikie bosi barua fupi, baki na nakala.

Kibarua_wa_Mafiati
Hapo naungana na karani. Na ujenzi wa hii njia nne, ukikwama barabarani jioni na kituo kinafunga saa 11 na nusu, nani atakaa na mtoto? Uliza wanatoza nini ukichelewa.

MamaIsyesye
Mimi napinga kidogo. Mtoto wa miezi saba kumpandisha daladala saa 12 asubuhi na baridi ile, kila siku? Wangu alikohoa msimu mzima. Karibu na nyumbani jirani anaweza kumchukua ukichelewa.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Mama Isyesye, baridi yenyewe haileti kikohozi, ni kule kubanana na watu wanaokohoa. Ila hoja ya jirani nakubali.

MamaLusajo
Mrejesho wakuu. Nilienda kwa afisa ustawi na majina matatu. Kimoja hakijui kabisa, ndicho kile cha bosi aliyesafiri. Cha pili kipo ila ni kuanzia miaka miwili. Cha tatu, kuelekea Kabwe, kipo na kinaruhusiwa vichanga, nikaenda saa 8 kama nesi alivyosema. Walezi wawili kwa vichanga watano, friji linafanya kazi, jiko liko nje kwenye banda lake. Bei imenizidi kidogo, mume amekubali aongeze. Bosi kasaini barua ya kunyonyesha, alinuna lakini kasaini.

Kinachonisumbua ni kimoja. Wanataka niandike majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na mimi huku mjini sina ndugu. Niweke bodaboda wangu?

Mlezi_Nzovwe
Usimweke boda, hata kama ni mwaminifu. Weka mume wako na mfanyakazi mwenzako mmoja wa hapo Mwanjelwa, mpeleke ajulikane kwa sura, waache nakala ya kitambulisho chake. Ukichelewa, piga simu mwenyewe kwa namba waliyonayo kwenye fomu, utaje anayekuja. Na wiki ya kwanza muache nusu siku, uje umnyonyeshe mchana, ndipo umwache mpaka jioni.

MamaIsyesye
Kuelekea Kabwe upande upi? Nina wa mwaka mmoja na nusu, njoo PM.