Wakulima wamefungana kilo, Excel inaruka nafasi. Nigawe vipi zawadi ya miche?

Karani_Mlimani
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, huku mlimani, karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Msimu umefungwa, na kamati imeamua wakulima kumi walioleta kilo nyingi zaidi za kahawa ya maganda wapewe miche chotara kutoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, ile inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Wa kwanza anapata miche 200, wa pili 180, inashuka ishirini ishirini hadi wa kumi anayepata 20. Jumla miche 1,100, na hela ya kununulia ndiyo hiyo hiyo.

Majina yako safu A, kilo safu B, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 187. Nafasi nimezitafuta hivi:

=RANK(B2,$B$2:$B$187)

Sasa kuna wawili wenye kilo 412 na wote wamepewa nafasi ya 4. Ya 5 haipo, inakuja ya 6. Chini zaidi kuna watatu wenye kilo 368, wote wa 9, kisha inarukia 12. Kwenye karatasi ya matokeo navuta majina kwa INDEX na MATCH (MATCH inatafuta nafasi iko mstari gani, INDEX inaleta jina la mstari huo) kuanzia 1 hadi 10. Kwenye 5 na 10 inaandika #N/A, yaani haijapata kitu, na kwenye 4 na 9 linatokea jina moja tu. Watu watatu hawaonekani kabisa, na ni watu walioleta kahawa yao kwa jasho. Naombeni msaada, orodha inabandikwa ubaoni wiki ijayo.

FundiJedwali
Mkuu, RANK haijaharibika. Inahesabu ni wangapi wamekuzidi, kisha inaongeza moja. Wenye 412 wamezidiwa na watatu, kwa hiyo wote ni wa 4. Anayefuata amezidiwa na watano, basi ni wa 6. Hata Olimpiki ya Tokyo ilikuwa hivyo: Mutaz Essa Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia walifungana kuruka juu, wakachukua dhahabu wote wawili, fedha haikutolewa, na aliyefuata akapewa shaba.

MATCH inakwama kwa sababu inatafuta 5 na 5 haipo. Ukitaka kila mtu awe na namba yake, weka hii C2 kisha iburute hadi chini:

=RANK(B2,$B$2:$B$187)+COUNTIF($B$2:B2,B2)-1

COUNTIF inahesabu kilo hizo zimetokea mara ngapi. Angalia alama za dola ndani yake. Mwanzo umefungwa, mwisho uko huru, kwa hiyo eneo linarefuka kila ukishuka mstari. Mwenye 412 wa kwanza kukutwa anaongezewa sifuri, wa pili anaongezewa moja. Utapata 4 na 5, halafu 9, 10 na 11.

BintiKibosho
Fundi, fomula ni sahihi, lakini kwa zawadi siikubali hata kidogo. Hapo aliyeandikwa juu kwenye daftari anapewa nafasi bora, basi. Hana kilo zaidi wala kahawa safi zaidi. Na madaftari yetu huku tunayajua, yamepangwa kwa herufi za ukoo. Massawe, Minja na Mushi watakuwa mbele ya Temu na Urio kila wanapofungana, mwaka huu na mwaka kesho. Mama wa kwa Urio akiuliza kwa nini amepewa miche 120 na jirani yake mwenye kilo zile zile kapewa 140, karani atamjibu nini? Kwamba kompyuta imesema?

Karani, huna safu nyingine yenye maana kwa kahawa yenyewe? Itafute hiyo ndiyo ivunje sare.

FundiJedwali
Nakubali, dada. Ile inafaa kupanga orodha tu, isitumike kugawa kitu.

Karani_Mlimani
Ipo, dada. Safu C ina kilo zilizorudishwa kwa mkulima akaanike upya kwa sababu unyevu ulikuwa bado juu. Mwenye kidogo ndiye bora.

BintiKibosho
Vizuri sana. Nafasi ihamishie safu D:

=RANK(B2,$B$2:$B$187)+COUNTIFS($B$2:$B$187,B2,$C$2:$C$187,"<"&C2)

Yaani mkulima anasogezwa chini kwa idadi ya wale aliofungana nao kilo ambao wamerudishiwa kidogo kuliko yeye. Wasiofungana na mtu hawaguswi. Hapa maeneo yote mawili yafungwe kwa dola mwanzo na mwisho, tofauti na ile ya Fundi. Na kama safu ya pili ingekuwa ile ambayo kingi ndiyo bora, alama ingegeuka kuwa ">".

MzeeUru
Vijana, nawasoma. Mimi nimekaa kwenye kamati ya ushirika. Waliofungana wamefungana, wagawane. Chukua miche ya nafasi ya 4 na ya 5, 140 na 120, jumla 260, kila mmoja 130. Wale watatu wamekalia nafasi ya 9, 10 na 11: 40, 20 na sifuri, jumla 60, kila mmoja 20. Miche inabaki 1,100 na hakuna anayelalamika. Ukiwapa wote zawadi ya juu kama RANK ilivyosema, utahitaji miche 80 ambayo hamjainunua.

La pili: hiyo kanuni ya kilo zilizorudishwa isije ikapitishwa huku majina yapo mezani. Watu watasema imetengenezwa kwa ajili ya fulani.

Mwl_Takwimu_Arusha
Shikamoo mzee. Unachosema kina fomula yake: RANK.AVG, ipo tangu Excel ya 2010. Waliofungana inawapa wastani wa nafasi walizokalia, wawili wanapata 4.5 na watatu wanapata 10. Kwenye takwimu ndiyo tunayoitumia, mfano kwenye uwiano wa Spearman, unaopima kama nafasi za orodha mbili zinaendana, kwa sababu jumla ya nafasi haibadiliki. Ila usiibandike ubaoni, maana mtu kuambiwa ni wa 4.5 ataona ametukanwa.

Karani, hizo kilo ni jumla ya mizigo mingi ya msimu? Kama mizani inatoa desimali, hakikisha kwanza hakuna sare iliyofichika. Kompyuta haiwezi kuhifadhi 0.1 kikamilifu, kwa hiyo jumla mbili zinazosomeka 368.4 zinaweza kutofautiana kidogo sana, kwenye tarakimu za mbali kabisa baada ya nukta, na RANK ikaona mmoja kamzidi mwenzake. Andika =ROUND(SUM(...),1) kwenye jumla, ibaki desimali moja tu. Kuna mtu anaweza kuwa amenyimwa nafasi yake hapo na wewe huoni kitu.

MzeeUru
Marahaba mwalimu.

Kijana_wa_Sanawari
Mimi natumia LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Excel, zote hizi zimenigomea mpaka nilipobadilisha mkato (,) kuwa nukta mkato (;). Inategemea mipangilio ya nchi kwenye mashine yako. Halafu asiyetaka nafasi zirukwe, yaani 4, 4, 5:

=SUMPRODUCT(($B$2:$B$187>B2)/COUNTIF($B$2:$B$187,$B$2:$B$187))+1

Kusiwe na kisanduku kitupu, itaandika #DIV/0!, yaani kosa la kugawa kwa sifuri.

BintiKibosho
Kwa zawadi kumi hiyo itaongeza watu. Wawili wa 4, watatu wa 8, ukifika "wa kumi" umeshahesabu watu 13.

Karani_Mlimani
Mrejesho. Nimeweka ROUND, sare zimebaki zile zile. Nilimpelekea mwenyekiti njia mbili, ya mzee na ya dada, bila jina hata moja. Kamati imekaa, imechagua ya kilo zilizorudishwa kwa sababu wanataka watu waanike vizuri. Ikaandikwa kwenye muhtasari, ndipo nikafungua faili mbele yao.

Wa 412 wametengana, 4 na 5. Wale watatu, mmoja alirudishiwa kilo 2 akawa wa 9, wawili walirudishiwa kilo 6 kila mmoja, wote wa 10. Kamati imekubali kila mmoja apate 20 kamili, tunaongeza miche 20. Tatizo lililobaki: MATCH bado inamleta mmoja tu wa 10.

FundiJedwali
Hapo sasa ile yangu inafaa. Nafasi iache D kama ilivyo, halafu E2 weka:

=D2+COUNTIF($D$2:D2,D2)-1

E ni ya kutafutia majina tu, ifiche, isichapishwe. Karatasi ya matokeo iwe na mistari 11, MATCH itafute kwenye E, lakini namba inayosomeka ubaoni ivute kutoka D. Wote wawili watasomeka 10.

Karani_Mlimani
Imekubali. Majina 11 yote yapo. Asanteni sana, na mzee, shikamoo.