"Mmetumwa na nani?" Kikundi cha watu kumi na mmoja kinaweza kusemea kijiji kizima?

Mleta mada

Wakuu, heshima mbele. Naleta jambo lililotugawa hapa kijijini, mpaka kuna watu siku hizi wakiniona njiani wanakumbuka ghafla kwamba wameacha kitu nyumbani.

Tuko watu kumi na mmoja, kijiji kimoja huku Tanga. Hatuna mfadhili. Kila mwezi tunachanga elfu mbili mbili za karatasi na chai, tunachagua jambo moja linalohusu maisha ya pale, tunalisoma mpaka tulielewe, kisha tunalisema hadharani. Safari hii tulichagua vyoo vya shule ya msingi. Jumamosi moja tuliomba ruhusa kwa mwalimu tukaingia na daftari na futi ya fundi. Upande wa wasichana kuna matundu kumi. Ukisukuma milango, minne haina hata bawaba, imeegemezwa tofali tu, na binti wa darasa la sita hawezi kuingia mahali kama hapo. Tukaandika sita. Wasichana ni mia mbili na arobaini na kitu. Mwongozo wa Serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Yaani hapo tuna nusu ya kinachotakiwa.

Tukaipeleka karatasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti alitusikiliza kimya mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza: "Mmetumwa na nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Ibara ya 21(2) ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Nikalisema kwa sauti, watu wakapiga makofi, nikakaa.

Usiku nikaisoma tena ile karatasi. Aya ya mwisho tuliandika: "Sisi wananchi wa kijiji hiki tunataka fedha za kukarabati ofisi ya kijiji zipelekwe kwenye vyoo." Wananchi gani? Tulikaa kumi na mmoja chini ya mwembe, wawili wetu hata hawakukubaliana na sentensi hiyo. Kuhesabu milango hakuhitaji kura ya mtu. Ila kuamua kipi kitangulie, ofisi au vyoo, ni kazi ya mkutano mkuu wenyewe, ambao Sheria Na. 7 ya 1982, ile ya serikali za mitaa, imeufanya kuwa ndio wenye kauli ya juu kijijini kwenye mambo ya sera. Nasema kikundi kina haki ya kutafiti na kupiga kelele kadiri kitakavyo, lakini jina la kijiji si lake. Wenzangu wananiita msaliti. Mnasemaje?

Mstaafu

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi halmashauri miaka mingi, niseme ukweli usioupenda. Kijiji kina mwenyekiti aliyepigiwa kura, kina halmashauri ya kijiji, shule ina kamati yake. Kila mwenye daftari akianza kuhesabu na kutangaza, kesho mwingine atatangaza zahanati haina dawa kwa sababu alikwenda siku ambayo mfamasia yuko msibani. Takwimu zina wenyewe. Kama mna uchungu na vyoo, gombeeni uongozi.

Mtu Kando

Mzee Mstaafu, shikamoo. Hiyo "takwimu zina wenyewe" tulishaijaribu kama nchi. Mwaka 2005 Wizara ya Elimu iliipiga HakiElimu, shirika la kiraia la utetezi wa elimu, marufuku ya kufanya na kuchapisha tafiti za shule. Je, madarasa yaliongezeka kwa marufuku ile? Mwaka 2018 yakaja marekebisho ya Sheria ya Takwimu, ikawa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazotilia shaka zile rasmi. Benki ya Dunia ikatoa tamko la wasiwasi, na Juni 2019 Bunge letu lenyewe likakiondoa kipengele hicho. Mwaka huohuo wa 2018 shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya Sauti za Wananchi, utafiti wake wa maoni kwa njia ya simu, yanayoonyesha kukubalika kwa Rais wa wakati huo, Magufuli, kumeshuka, wakaandikiwa barua ya kuulizwa kibali cha utafiti. Sasa tunarudi kulekule kwa ajili ya milango ya choo?

Na hilo la kugombea: mtu akigombea tunaambiwa ana uchu wa madaraka, asipogombea tunamuuliza katumwa na nani. Asimame wapi?

Mstaafu

Marahaba mwanangu. Sikusema wakamatwe. Nimesema utaratibu.

Jirani wa Changamwe

Ndugu zangu wa Tanga, hamjambo. Huku Mombasa, Kenya, mambo haya tuliyapitia 2007. Shirika la haki za binadamu la MUHURI lilikagua miradi ya fedha za CDF, ule mfuko wa maeneo bunge ulioanzishwa 2003, hapa Changamwe. Waliokagua ni wakaazi wenyewe, baada ya kufunzwa kusoma makaratasi ya miradi. Ufundi ule ulitoka mbali, kwa wakulima na vibarua wa Rajasthan, India, chini ya chama chao MKSS. Kule faili la mradi husomwa mbele ya watu: mifuko ya saruji kadhaa, fundi fulani kalipwa siku kadhaa. Fundi mwenyewe yumo kwenye umati, anainuka kusema siku hizo hakulipwa.

Kwa hivyo mleta mada namuunga mkono kwa nusu. Nusu ya pili yanipa shaka. Ukingoja kijiji kizima kikubali ndipo useme, utazeeka. Wale waliosoma faili hawakusema "wananchi wataka hivi". Wao walisoma tu, halafu wakanyamaza, wananchi wakasema wenyewe.

Mama Wawili

Mimi nina swali dogo. Kati ya hao kumi na mmoja wanawake ni wangapi? Maana naona mmehesabu milango, lakini sijaona mlipoandika kama kuna maji ndani, au mahali pa binti kubadili pedi na kuitupa. Binti yangu akiwa kwenye siku zake haendi shule, na hiyo haionekani kwa futi ya fundi. Mwenyekiti kauliza mmetumwa na nani, mimi nauliza mlimuuliza nani.

Mleta mada

Mama, wanawake ni watatu, na siku ya kwenda shuleni hakuna hata mmoja aliyekuwepo kwa sababu ilikuwa siku ya gulio. Umenipata pabaya. Tutarudi, na safari hii wataongoza wao.

Mzee Mstaafu, utaratibu tumeufuata. Tumemwandikia mkurugenzi wa halmashauri barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, tukiomba kujua shule imepokea kiasi gani cha fedha za ruzuku. Tangu elimu bila ada ianze 2016, kiwango kinachojulikana ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikienda shuleni. Gawanya kwa miezi kumi na miwili: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Zikishatoka chaki, mitihani na michezo, sijui bawaba inanunuliwa kwa ipi. Na hapo ndipo nilipoanza kumwonea huruma mwalimu mkuu, ambaye tulimsomea makosa hadharani bila kumuuliza anapata nini. Sheria inatoa siku 30 za kujibiwa. Leo ni ya kumi na tisa.

Mtu Kando

Na ile aya ya mwisho mmeifanyaje?

Mleta mada

Tumebishana Jumapili nzima mpaka chai ikaisha. Jirani wa Changamwe kanisaidia bila kujua. Fedha za ofisi tumeziondoa kwenye karatasi, tumeweka swali: mkutano mkuu uamue kipi kitangulie. Mwanzo tumeandika, "Sisi wakazi tuliotia sahihi hapa chini tumehesabu milango ya vyoo, na yeyote anayetilia shaka aje tuhesabu naye Jumamosi saa tatu asubuhi." Mjumbe mmoja amegoma, anasema tumejishusha, zamani tulikuwa kijiji na sasa tumekuwa majina tu. Hadi jana jioni sahihi zilikuwa saba.