Injini za cc sawa: krenki yenye mkono mrefu huvuta zaidi?

SpanaKumi: Wakuu, naomba ufafanuzi. Injini mbili za petroli, zote cc 1500. Moja ina pistoni pana na mwendo mfupi (umbali pistoni inaopanda na kushuka), nyingine pistoni nyembamba na mwendo mrefu. Gereji wanasema ya mwendo mrefu lazima ivute zaidi kwa sababu ya mkono wa krenki, yaani ekseli inayozungushwa na pistoni. Ni kweli? Na kwa nini gari linaishiwa nguvu mlimani wakati halitoi moshi?

Konrodi: Mkono peke yake hautoshi, mkuu. Chukua 1NZ-FE ya Toyota, ile ya Probox: kipenyo cha silinda mm 75, mwendo mm 84.7. Uso wa pistoni ni kama sm² 44, na mkono wa krenki ni nusu ya mwendo, mm 42.35. Presha ya mwako ikifika bar 50, pistoni inasukumwa kwa niutoni 22,000 hivi, zaidi ya uzito wa tani 2. Sasa refusha mkono, cc zibaki zilezile: uso wa pistoni unapungua kwa kiwango kilekile, na msukumo nao, basi nguvu ya kuzungusha inabaki ileile. Kinachoamua ni ujazo wa injini na wastani wa presha. Ya mwendo mrefu huvuta vizuri injini ikizunguka polepole kwa kuwa silinda nyembamba hubeba valvu ndogo. Hizo huzuia hewa isiingie ya kutosha kwenye mizunguko ya juu, basi watengenezaji hupanga kamu yake (ekseli inayofungua valvu) kwa mizunguko ya chini.

FundiPlagi: Pembe nayo isisahaulike. Pistoni ikiwa juu kabisa, konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) na mkono wa krenki viko mstari mmoja, na bar 50 zote zinakandamiza beringi bila kuzungusha chochote. Ndiyo maana plagi huwasha mapema, presha ifike kilele nyuzi 12 hadi 15 baada ya pistoni kupita juu. Taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, ikichelewa, moto unaifukuza pistoni iliyokwisha kushuka na joto linaishia ekzosi. Ikiwahi mno, injini inagonga.

Kuhusu mlima, pima kwanza kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa na pistoni ndani ya silinda. Injini ikiwa moto, toa plagi zote 4, kata umeme wa koili na injekta, kanyaga mafuta hadi chini, piga stata mpaka geji ya presha iliyofungwa kwenye tundu la plagi iache kupanda. Tofauti kati ya silinda isizidi bar 1. Iliyo chini itie kijiko cha oili upime tena: ikipanda, ringi zimelika, isipopanda, shuku valvu au gasketi ya silinda hedi.

Konrodi: Na zikiwa sawa zote, kagua kichujio cha hewa, presha ya petroli, halafu katalisti, kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi. Hii ya mwisho wengi huiruka. Ikiziba, injini inanguruma vizuri gari likiwa limesimama, ila likipewa mzigo gesi za ekzosi hazina pa kutokea na hewa mpya haiingii.